A Safi

Nerima alikuwa amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, alipogundua kwamba kwa hesabu yake mwenyewe, baba yake hakuwa baba yake.

Hakuna aliyemsukuma kwenda ubaoni. Alijitolea. Kwa bayolojia msichana huyu alikuwa hashikiki, na Madam Chemutai alipouliza nani angeonyesha jinsi grupu za damu zinavyorithiwa, akitumia familia yake, mkono wa Nerima ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Alikuwa na kila kitu. Grupu yake ni B. Aliijua tangu watu wa kutoa damu walipokuja shuleni, wakamtoa yake, wakampa soda, biskuti na kadi. Ya mama, O, aliitoa kwenye kijitabu cha kliniki cha wajawazito. Ya baba, A, aliisoma asubuhi hiyo kwenye beji yake ya kazi, akiwa anapiga viatu brashi mlangoni.

Akaandika. Mama ni O, kwa hivyo hana kingine cha kutoa ila O. Baba ni A, kwa hivyo anatoa A, ama O iliyojificha nyuma ya A. Akachora mraba, akaugawa vyumba vinne, akajaza. Watoto: A ama O. Akarudi nyuma hatua moja ili aitazame kazi yake vizuri, na hapo ndipo alipoona. Hapakuwa na B popote.

"Na wewe ni grupu gani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Kadi yake ya kutoa damu ilikuwa imezungushwa darasa zima wiki ile, kila mtu akaiona.

"Maze, huyu ni B! Si wa fadhe yake!"

Darasa likalipuka. Watu wakapiga madawati. Mmoja akasema aende aulize mwenye nyumba, mwingine akasema ni pasta. Fancy, ambaye ni jirani yake na ambaye hangeweza kufunga mdomo hata akilipwa, alicheka mpaka akatoa machozi.

"Basi!" Madam Chemutai alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na alipoipandisha kidogo tu watu walijua. "Anayecheka aje hapa atuchoree ya kwao. Haya, nani? Fancy?"

Hakuna aliyeinuka. Mwalimu akaufuta ubao mwenyewe, polepole, kuanzia kwenye jina la Wasike, baba yake Nerima.

Kengele ilipolia alimzuia Nerima mlangoni.

"Mwalimu, mama yangu si mtu wa hivyo."

"Kwani nimesema ni mtu wa hivyo? Nisikilize. Kabla hujamshuku mama yako, shuku karatasi. Kile kijitabu kiliandikwa na mtu. Kadi yako iliandikwa na mtu. Hata hiyo beji iliandikwa na mtu, na pengine alikuwa anakimbilia chai. Nenda utafute nani alikosea, kesho uniletee."

Mimi nasema wazi, kama walimu wote wangekuwa hivi, machozi mengi yangekauka nchi hii. Nerima alijipangusa kwa mkono wa sweta akaenda zake.

*

Alipofika nyumbani Karagita, habari zilikuwa zimemtangulia. Ploti yao ilikuwa na vyumba kumi na vinne na mfereji mmoja, na lolote lililosemwa pale kwenye mfereji lilisikika kwa wote kumi na vinne. Fancy alikuwa ameliambia kama mchezo tu, akicheka, ndoo yake ikijaa. Bahati mbaya, nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama senge.

Senge ndilo jina ambalo Wabukusu humwita shangazi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Wasike, mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, ambaye alimlea Wasike tangu akiwa kitoto cha kubebwa. Alikuwa ametoka Bungoma siku kumi zilizopita baada ya kuambiwa kwamba Nafula, mdogo wake Nerima na kitinda mimba, anaumwa tena.

Na kweli Nafula alikuwa anaumwa. Miaka mitatu, lakini ukimbeba ungedhani ni wa mwaka mmoja na nusu. Mara hii ilikuwa mikono: vidole vimefura, vimekaza, ngozi inang'aa. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukimwinua bila kumpa habari anapiga yowe, halafu ananyamaza ghafla, maana hata kulia kunamuumiza. Walikuwa wametibiwa malaria mara nne, baridi ya mifupa mara mbili, na mara moja waliambiwa tu mtoto ana deko. Mama yake, ambaye siku nzima alisimama kwenye banda la kupakia maua akipima mashina ya waridi, alikuwa ameshaonywa na msimamizi kwa kuomba ruhusa kila mara. "Kwani wewe peke yako ndiye umezaa?" aliulizwa, mbele ya wenzake.

Nerima aliingia akamkuta mama yake ameketi kitandani, mtoto mapajani, na senge amesimama katikati ya chumba na ndoo yake bado mkononi.

"Ndio nimeelewa sasa," senge alikuwa akisema. "Siku kumi nauliza Mungu, huyu mtoto wa ndugu yangu amekosa nini. Kumbe si mtoto amekosa. Mwanamke akitoka nje, ugonjwa inatafuta ule mdogo."

"Senge, mimi sijatoka nje."

"Shule imesema! Imeandikwa kwa ubao!"

"Hiyo ubao ilinizalia?" Mama Nerima hakupandisha sauti, kwa sababu ya mtoto. "Nimekaa kwa hii nyumba miaka kumi na tisa. Nikitoka naenda kazi, nikitoka kazi naenda kanisa. Hiyo nje yenyewe niliienda saa ngapi?"

Nerima alitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyeileta hii, kwa chaki yake na ujuaji wake. Alifungua mdomo aseme, lakini mlango ukasukumwa, na Wasike akaingia.

Alikuwa mpuliziaji dawa kwenye kampuni ya maua, mtu mpole kwa kawaida, mpenda mzaha. Siku hiyo hakusalimu. Kumbe wenzake walishamsubiri hapo nje kwa kinyozi, wakamuuliza kama kweli siku hizi watu wanaletewa watoto kama barua. Alivua beji shingoni, akaiweka juu ya meza mbele ya mkewe.

"Nerima ni wa nani?"

Mama Nerima alimnyooshea Nerima kidole. "Angalia hiyo paji ya uso yake," akasema. "Angalia vile amesimama na mguu moja. Halafu urudi uniulize tena."

"Nimeuliza swali."

"Na mimi nimekujibu, Baba Nerima. Kama hutaki jibu, ungeuliza kinyozi."

Senge akaiweka ndoo chini. Jumamosi, akasema, anaondoka na Nafula kwa basi la asubuhi. Huko nyumbani kuna mzee anayejua kuchanja na kuosha mambo kama haya. Mama wa mtoto abaki hapa, watu wakae, wasikilizane, na kama ni kurudi kwao, arudi. Wasike hakusema ndiyo, wala hakusema la. Mtu anayenyamaza saa kama hiyo ameshasema.

"Baba," Nerima akasema. "Nani alikuambia wewe ni A?"

"Nani aliniambia? Mimi nilipimwa!" Hapo Wasike akapata mahali pa kusimamia. Alipanda juu ya kigoda, akatoa Biblia juu ya kabati, na ndani ya Biblia akatoa kadi ndogo iliyofunikwa plastiki, yenye kingo zilizochakaa. "Madaktari walikuja kanisa, Webuye, wakati nilienda mazishi, kabla hata Nafula hajazaliwa. Watu mingi waliambiwa hii na ile. Mimi sista aliniangalia akasema, wewe uko sawa, huugui. Soma mwenyewe. A, halafu S. A Safi."

"A Safi," senge akaitikia, akiinua kidevu. "Sisi kwetu damu haina neno."

Miaka yote hiyo Wasike alikuwa akijisifia hiyo A Safi. Mafua yakipita ploti nzima yakamwacha, anasema ni A Safi. Karani wa kampuni alipomuuliza grupu ya damu, alitoa hiyo kadi kwa madaha, na karani, ambaye hakuwa na muda, akaandika A kwenye beji akaendelea na mwingine.

Nerima aliigeuza ile kadi kwenye mwanga wa mlango. Plastiki ilikuwa imekwaruzika, lakini kabla ya zile herufi mbili kulikuwa na nyingine mbili, ndogo. Hakuzielewa. Alichukua kalamu akaandika kiganjani kila kitu vilevile kilivyokuwa: Hb: AS.

*

Ijumaa asubuhi, kabla ya wenzake kufika, alikifungua kiganja mbele ya Madam Chemutai.

Mwalimu aliangalia, akavaa miwani, akaangalia tena. Hakucheka wala hakushangaa. Alivuta kiti akakaa.

"Hii si grupu ya damu," akasema. "Baba yako hajawahi kupimwa grupu. Hb ni hemoglobini, ile nyekundu ya damu inayobeba hewa. Walikuwa wakipima kitu kingine kabisa." Alifungua kitabu mbele zaidi, kurasa ambazo darasa halijafika. "Nerima, kwenu kuna mtoto anayeugua ugua?"

"Nafula," akasema Nerima.

"Mifupa?"

"Mikono na miguu. Na macho yanakuwa manjano."

Walisoma pamoja ule ukurasa, vichwa vimekaribiana. Mtu mwenye A mbili ni mzima. Mwenye A moja na S moja ni mzima pia, anafanya kazi, anacheza mpira, anazeeka, hajui kitu. Lakini S ikikutana na S, moja kwa baba, moja kwa mama, chembe za damu zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Selimundu. Nerima alichora mraba mwenyewe, bila kuambiwa. AS juu, AS kando. Chumba cha mwisho, chini kulia, kikatoka SS. Alikikodolea macho kile chumba kidogo kama vile Nafula alikuwa amelala ndani.

"Lakini ili itoke hivyo," akasema taratibu, "mama pia lazima awe nayo."

"Lazima. Wote wawili."

"Kwa hivyo hakuna aliyeileta peke yake." Kisha akamweleza mpango wa senge na basi la kesho.

Madam Chemutai alimwangalia huyu msichana wa miaka kumi na saba, mwenye kola iliyoshonwa mara mbili. Miaka kumi na moja alikuwa amefundisha ukurasa huu kwa ajili ya mtihani. "Mtoto kama huyu akishikwa na homa mbali na hospitali anaweza kufa kwa siku moja," akasema. "Asisafiri, unanisikia? Mjini Naivasha kuna maabara ya mzee mmoja, Rajinder. Mwambie nimekutuma mimi. Atawapima bila maneno mengi."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi mfuko wa Nafula ulikuwa umefungwa. Senge alikuwa amejitanda leso, tayari. Mama Nerima hakuwa amelala. Alimvisha mtoto soksi mbili mbili, bila kumtazama mtu.

Nerima alikuwa amewaeleza yote jioni ya jana, mraba na vyumba vyake, na ilikuwa kama kuongea na ukuta. "Mtoto wa kidato cha nne aniambie mimi damu yangu ni chafu?" Wasike alifoka. Senge alisema kusoma sana nako ni ugonjwa. Sasa msichana alisimama mlangoni, akaeneza mikono kwenye fremu.

"Toka hapo," akasema baba yake.

"Baba, sitasema ya Nafula tena. Nasema yako wewe. Hiyo beji imeandikwa A, na wewe hujawahi kupimwa grupu. Ukianguka kazini ukavuja damu, wakukute umezimia, wasome beji, wakuwekee A na wewe si A, unajua nini inafanyika? Damu inaganda ndani yako. Unakufa ukiwa hospitali."

Nerima alijua vizuri kwamba hospitali hupima kwanza, beji au bila beji. Hilo alilinyamazia. Na mimi simlaumu hata kidogo.

Wasike aliishika beji. Mwezi uliopita mwenzao aliteleza kutoka kwenye paa la banda akabebwa akiwa hajitambui. Kila mtu hupenda nafsi yake, na hofu ilimpita usoni ikaonekana waziwazi.

"Hiyo maabara iko wapi?"

"Mjini. Karibu na mabasi."

"Basi tupitie hapo," akasema bila kumwangalia dada yake. "Ni dakika tu. Basi halitawaacha."

Mama Nerima aliinuka na mtoto begani. "Na mimi nitapimwa," akasema. "Mkitaka kunifukuza, mnifukuze na karatasi."

*

Mzee Rajinder alikuwa na kilemba cha rangi ya samawati na ndevu nyeupe, na alikuwa amezaliwa Nakuru, Kiswahili chake kikiwa cha mitaa ile ile. Alisikiliza jina la Madam Chemutai, akatabasamu, akavaa glavu.

"Haya, boss, lete kidole. Mwanamume usiogope, hii ni sindano, si mkuki."

Alimdunga Wasike, akaweka matone kwenye kigae cheupe, akamwita aje ajionee. Kwenye dawa moja damu ilibaki laini. Kwenye nyingine ikakatika vipande vidogo vidogo, kama maziwa yaliyoharibika.

"Inakatika kwa B," akasema Rajinder. "Wewe ni B."

"Mimi ni A. A Safi."

"Nani alikuita hivyo? Ni B. Binti yako naye?"

"B," akasema Nerima, na mzee akamdunga mama yake pia, akaweka matone yake.

"Na mama ni O. Basi B ya msichana imetoka wapi, boss, kama si kwako? Kwangu?"

Wasike hakucheka. Alikitazama kile kigae, akamtazama Nerima, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, vilevile anavyosimama yeye. Alitafuta mahali pa kuweka macho yake akakosa.

Ndipo Rajinder akaomba ile kadi. Aliisoma mara moja tu, akaacha utani. Aliinama kwa Nafula, akaangalia macho yake, akagusa vidole vyake kwa ncha za vidole vyake mwenyewe. "Samahani, mama yangu," akamwambia mtoto, akamdunga.

Nafula hakulia. Aliitazama sindano tu. Mtoto aliyezoea maumivu makubwa namna ile, hii ilikuwa kitu gani kwake? Mama Nerima, ambaye alikuwa amevumilia mfereji, msimamizi na mume, hilo ndilo lililomvunja. Alilia bila sauti, mabega yakimtikisika.

Ilibidi wangoje zaidi ya nusu saa. Rajinder alikuwa ameweka tone la damu na dawa kwenye kioo, akakifunika. Senge aliangalia saa ya ukutani mara tano. Basi lilikuwa linapakia, hata mpiga debe alisikika. Hatimaye mzee akainamia hadubini, akakaa hapo kitambo, akasogea kando.

"Njoo uone, boss. Funga jicho moja."

Wasike alifunga jicho. Aliona vitu vingi vidogo, vingine vya mviringo kama sahani. Lakini kati yavyo, mle mle, kulikuwa na vyembamba, vilivyopinda, vyenye ncha mbili. Yeye alikulia kwa kukata nyasi za ng'ombe. Alikijua kile kitu.

"Ni mundu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni mundu. Hii kipimo yangu inasema S iko. Ikiwa ni moja au mbili, mashine ya Nakuru ndiyo itasema. Lakini mimi, na hivi vidole na haya macho, singengoja. Mpeleke hospitali leo, hapa hapa. Na hapana safari."

"Hebu na mimi niangalie," akasema senge.

Wote waligeuka. Alikuwa ameinuka, mfuko wa mtoto bado mkononi. Alikuwa mrefu mno kwa hadubini, akalazimika kuinama sana. Alikaa hapo muda mrefu kuliko Wasike.

"Wanavimba vidole," akasema, jicho bado kwenye kioo. "Halafu macho inakuwa manjano. Halafu siku moja anaamka na homa, na jioni hayuko."

"Ndiyo, mama. Kama hakuna dawa, ni hivyo."

"Walikuwa watatu."

"Kina nani, dada?" akauliza Wasike.

Senge aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Wenzetu. Kati yangu na wewe. Wanyonyi, Nekesa, na ule mdogo, hata jina lake tulikatazwa kutaja. Mimi ndiye nilikuwa nawabeba. Vidole hivi hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Wewe uliambiwa mama alituacha akaenda na mwanamume. Hakwenda na mtu, Wasike. Alifukuzwa. Ule wa tatu alipokufa, watu walikaa, wakasema huyu mwanamke ametoka nje, anakula watoto. Mzee, baba yetu, akasema aende. Wewe ulikuwa unanyonya. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, na mimi ndiye nilimbebea mfuko mpaka barabarani." Aliutazama mfuko wa Nafula mkononi mwake kana kwamba hakujua ulifikaje pale. "Nilimwambia asirudi. Mama yangu. Nilimwambia asirudi atumalize."

Huko nje mpiga debe alikuwa anaita wa mwisho, Bungoma, Bungoma, na hakuna aliyegeuka.

Mama Nerima ndiye aliyesogea. Alimpa Nerima mtoto, akauchukua ule mfuko mikononi mwa wifi yake, taratibu, akamkalisha kwenye benchi. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na hakusema hata moja. Sijui wangapi wetu tungeweza.

"Mama Nerima," Wasike akaita.

"Nakusikia."

"Nimekosea."

"Sema kwa nguvu. Kwa mfereji walisikia ile ingine yote."

"Nimekosea!" akasema Wasike, na Rajinder akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

*

Walimlaza Nafula siku hiyo hiyo, akawekewa maji, akapata dawa ya maumivu, na Jumapili alasiri akaomba uji. Wiki iliyofuata walikwenda Nakuru wote watano. Majibu yalikuwa kama Nerima alivyochora: Nafula SS, Wasike AS, Mama Nerima AS. Walipewa vidonge vya kila siku, tarehe za kliniki na maagizo: maji mengi, mwili usipoe, alale ndani ya neti, na homa ikiingia tu, hospitali, usingoje asubuhi. Nerima naye alipimwa. AS.

"Sasa najua swali la kwanza la kumuuliza kijana," akasema. "Jina lake nitauliza baadaye."

"Kijana gani?" akafoka Wasike, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile Mama Nerima akacheka.

Senge alikuwa akifikiri. "Basi ile robo ya mraba imeshatoka," akasema. "Wakizaa mwingine, ule atakuwa mzima."

"Hapana, senge. Kila mimba inaanza upya. Hiyo hesabu haikumbuki nani alitangulia."

"Ai, ni hesabu mbaya."

"Ni mbaya, lakini haina ubaguzi."

Jumatatu Wasike alimpelekea karani beji, akasimama mbele ya foleni nzima ya wafanyakazi, akaeleza kwamba yeye si A, ni B, na hiyo S haikuwa ya safi. Walimcheka. Alingoja wamalize, halafu akawaambia wenye watoto wanaolialia mifupa wamfuate nje. Watatu walimfuata.

Senge aliondoka Jumamosi, peke yake. Kabla ya kutoka alimwita Nerima mezani, akaomba achorewe ule mraba kwenye karatasi safi, kwa kalamu ya wino.

"Hapa juu andika Mzee. Andika jina lake lote. Hapa kando andika Mama."

Nerima akaandika. Akajaza vyumba vinne.

"Hizi S mbili ni za nani?"

"Hii ni ya mzee, S moja. Na hii ni ya nyanya, S moja. Sawasawa. Hakuna aliyezidi."

"Sasa chini andika, hakuwa na kosa."

Nerima aliinua kalamu. "Nimwandikie nani, senge?"

"Mzee bado yuko. Haoni, lakini masikio iko. Nitamsomea mbele ya watu, pale pale walikaa."

Nerima akaandika, kwa mwandiko wake wa mtihani, herufi kubwa kubwa ili senge asipate shida: HAKUWA NA KOSA. Senge aliisoma kwa kidole, neno moja moja, midomo ikitembea. Halafu akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya nguo, akambusu Nafula kwenye vile vidole, na akatoka kwenda kulipanda basi.